Kiapo Nilichomwapia Mwanaidi

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, mdogo wangu Mwanaidi alipoingia uani kwangu, kijijini Dutumi, akitetemeka. Alikuwa ametoka Kisarawe kwa miguu, homa imemshika, na usoni vipele vimeanza kumtoka. Enzi zile za Mwingereza, ndui ikionekana jumbe wa kijiji alikuwa akipewa habari, na mgonjwa akipelekwa kwenye kibanda cha peke yake porini. Mama yetu alipelekwa huko, hakurudi.

"Dada, niapie hutamwambia mtu," akasema.

Nikaapa kwa jina la Mungu.

Mume wangu Shomari, Mungu amrehemu, aliporudi akamkuta chumbani na vipele vile, alishika kichwa. "Mke wangu, ukimficha unaokoa roho moja. Na hizo nyingine za kijiji je?" Nikamjibu kwamba kiapo hakina hesabu; ukishaapa umeapa. Tulibishana siku tatu, kila mmoja kashika lake. Nilipolia sana, akakubali asimwambie jumbe.

Siku ya nne jirani yangu Zainabu akaja kuomba kaa la moto, mwanawe Hamisi mgongoni. Akasikia mtu anaugua chumbani.

"Nani huyo, shoga?"

"Mgeni tu. Kachoka na safari."

Zainabu alikuwa na huruma, mwanangu. Akaingia mle gizani, akamwinamia Mwanaidi, akamnywesha maji. Mimi nilisimama mlangoni, natazama mgongo wa yule mtoto. Sikusema kitu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu kifo kilipita, kikabisha hodi kwa jirani. Mwanaidi alipona, akabaki na makovu. Hamisi tulimzika kabla mpunga haujachanua.

Arobaini ilipokwisha nikaenda kwa Zainabu, nikamweleza yote, kiapo na ubishi wetu. Hakunipigia kelele. Alisema polepole, "Shoga, ungeniambia neno moja tu: usiingie. Nisingekuuliza kwa nini. Kiapo chako kingebaki, na mwanangu angebaki."

Alinisamehe. Salamu yangu aliitika mpaka alipokufa, lakini uani kwangu hakukanyaga tena.

Mwanangu, watakuja watu wa kukufundisha namna ya kupima jambo. Mmoja atakwambia shika ahadi yako hata mbingu zianguke. Mwingine atakwambia tazama mwisho, wangapi watapona na wangapi wataumia. Usiwadharau, kila mmoja ana sehemu ya haki. Mimi nilishika la kwanza, Shomari la pili, na ubishi ukatunogea hata tukasahau kuwa tuna jirani. Basi ukishapima kwa kiapo, ukapima na kwa hesabu, inua macho umtazame aliyesimama mbele yako, ujiulize: mtu mwenye utu angemfanyia nini huyu, sasa hivi?

Mungu akujaalie ulimi mwepesi pale ambapo neno moja latosha kuokoa, na akuepushe, mwanangu, na msamaha kama ule niliopewa mimi.