Mtoro, Posa ya Ruvu na Behewa Lenye Kibanda

Mdogo wangu Mtoro hakunywa pombe, hakucheza kamari, wala hakuwa na ugomvi na mtu. Maradhi yake yalikuwa ni mabehewa makuukuu ya mizigo, basi. Na sisi Bagamoyo hatuna reli, kwa hiyo hata hayo maradhi ilimbidi ayafuate mbali. Alikuwa akisindikiza mbata, nazi kavu, kwa lori mpaka stesheni ya Ruvu. Wenzake wakishamaliza kushusha magunia huketi kunywa chai, yeye huingia chini ya mabehewa kutazama magurudumu. Akirudi nyumbani kanzu imejaa mafuta meusi, na mfuaji ni mimi, dada yake.

Alichokuwa akikitafuta ni mabehewa ya Mjerumani. Mjerumani mwenyewe aliondoka na vita, Mwingereza akaja na yake, lakini baadhi ya mabehewa ya zamani yalibaki kazini, yakibeba katani na chumvi kana kwamba hayakupata habari. Mtoro akiliona moja, nyumba nzima hatupumui kwa sifa zake.

"Dada Fatu, mbao zake ni zile zile! Karibu miaka arobaini!"

"Na wewe unaikaribia hiyo arobaini," namjibu. "Nani anakusifia?"

Posa mbili zilikwisha kumharibikia. Baba wa binti mmoja alikuja kwetu kumtazama, akamuuliza habari za maisha, akaelezwa habari za breki. Aliondoka kabla wali haujaiva.

Basi mwaka wa hamsini na mbili Mtoro akarudi kutoka Ruvu na habari mpya. Amemwona binti, jina lake Mize, mtoto wa Mzee Bwanausi, nyapara wa watengenezaji wa reli. Akamsifu macho, akamsifu mwendo. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kumsikia akisifia kitu kisicho na magurudumu, na mama yetu alilia kwa furaha.

"Lakini hii ikiharibika," mama akasema, akifuta machozi, "mimi siposi tena. Atazikwa kapera."

Kwetu anayeoa haendi kuposa. Hutulia kwao, wazee wakamsemee, maana mtu hawezi kujisifu mwenyewe. Akionekana karibu na nyumba ya binti siku hiyo, huambiwa hana adabu, na posa hurudi. Mtoro aliyajua yote hayo. Aliniapia kwa Mwenyezi Mungu kwamba hatatoa mguu Bagamoyo, nami nikaondoka na mshenga wetu, Mzee Mwinyijuma, roho yangu imetulia.

Nyuma yetu dereva mmoja akampelekea habari. Pale Ruvu limeingia behewa la Mjerumani lenye kibanda cha mbao juu, nyuma kabisa, alimokuwa akikaa mshika breki zamani, na linaondoka siku ile ile. Mtoro alikuwa akilisikia tu midomoni mwa watu tangu ujana wake. Kiapo kikaishia hapo. Alidandia lori la chumvi.

Nyumba ya Mzee Bwanausi ilikuwa ubavuni mwa reli, baraza yake ikitazama njia. Tulipokewa vizuri sana. Mzee Mwinyijuma alikunywa kahawa, akasafisha koo, akaanza.

"Kijana wetu ni mtulivu, bwana. Si mtu wa kuzurura. Hata hivi tunavyozungumza yuko kwao, ameshika msahafu wake."

Mzee Bwanausi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasema binti aulizwe. Mimi na mama yake, Bi Zaina, tukaingia chumbani, Mize amekaa kitandani karibu na dirisha, kanga mpaka puani. Mwali akinyamaza amekubali, na akicheka amekubali zaidi. Anayekataa ndiye husema.

"Mize mwanangu," Bi Zaina akaanza, "umeposwa na Mtoro wa Bagamoyo."

Hapo injini iliyokuwa ikipanga mabehewa ikapita polepole nje ya dirisha. Behewa la mwisho lilikuwa na kibanda, na kwenye kidirisha cha kibanda kilitokeza kichwa, kofia imekwenda upande.

"Dada Fatu! Komeo limekwama!" Mtoro akapiga kelele. "Lakini kibanda ndicho chenyewe!"

Akapita. Barazani nikamsikia Mzee Mwinyijuma akikohoa.

"Nani yule?" akauliza Mzee Bwanausi.

"Simjui. Huenda ni mtu wa bara."

Injini ikasimama, ikarudi kinyumenyume. Mtoro akapita tena mbele ya baraza, na safari hii akakumbuka adabu.

"Shikamoo baba! Shikamoo mama! Mzee Mwinyijuma, waambie wasimamishe!"

Mize aliangua kicheko, akaanguka kitandani, kanga ikamtoka kichwani.

"Amecheka!" Mzee Mwinyijuma akaita kutoka barazani. "Alhamdulillahi, ameridhia!"

"Amemcheka mwehu aliye juu ya behewa!" Mzee Bwanausi alikuwa amekwisha simama. "Na wewe, mzee mzima, unaniambia yuko kwao na msahafu! Posa irudi!"

Nilimkumbuka mama na neno lake la kuzikwa kapera. Kwa hasira niliyokuwa nayo, nilitamani lile behewa limpeleke Mtoro mpaka Kigoma, wamwache huko huko.

"Ngoja kwanza, baba Mize," Bi Zaina akaita kutoka chumbani. "Aulizwe tena, na leo ajibu kwa mdomo. Mize, umecheka nini?"

Mize akajifunika kanga vizuri. Akasema kwa sauti, ili na barazani wasikie.

"Baba, mimi nimekulia hapa relini. Kila apitaye hutazama injini mpya na mabehewa yaliyopakwa rangi juzi. Huyu kakubali kuaibika mbele yako kwa ajili ya behewa lililochoka namna ile, na bado analiona zuri. Mimi nami nitazeeka, baba. Namtaka huyo huyo."

Mimi niliyemfulia makanzu miaka yote ile sikuwahi kuliona jambo hilo, na nililia mbele za watu bila haya.

Mzee Bwanausi akashuka barazani, akachukua nyundo yake, akaenda mwenyewe kumfungulia mkwewe.