Nilicheka Posta

Kiingereza nilijifunza kijijini Kihanga, sebuleni kwa mnunuzi wa kahawa mwenye tivii inayotumia betri ya gari. Kila Jumapili baada ya ibada alituwekea kanda za vichekesho vya Wazungu. Maneno yalitupita, ila kanuni niliishika: Mzungu akipandisha mabega na kufungua viganja, watu wa ndani ya tivii wanacheka, nasi tunacheka.

Wiki iliyopita nilikuwa posta. Mbele yangu mwalimu mmoja Mzungu, mama wa makamo, alifungua telegramu, akaisoma, akanigeukia. Akapandisha mabega, akafungua viganja, akasema sentensi moja fupi.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kama mtu aliyesoma.

Karani, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye mihuri, alizunguka kaunta akamshika yule mama mikono yote miwili. "Pole, mama. Pole sana." Kisha akanigeukia mimi. "Unacheka nini, kaka? Huoni mwenzio analia?"

Kumbe yule mama alikuwa ananiambia baba yake amefariki; aliyenitafsiria ni mtu wa nyuma yangu kwenye foleni. Nilivua kofia, nikakosa pa kuiweka.

Baadaye nilimuuliza karani alielewaje.

"Nilimtazama usoni," alisema.

Mimi nilikuwa natazama mabega.