Aliyelala Kaburini kwa Mama wa Balozi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto, na mimi, kijana fundi mwashi hapa Hombolo, nafunga kifurushi nikimbie. Nilizaliwa Uganda, nchi tuliyokuwa tunapigana nayo. Uraia wa Tanzania niliuomba, nikaapa, nikapewa. Lakini wewe unayesomea sheria unajua: raia wa kuzaliwa hapokonywi uraia wake, lakini sisi wa tajnisi, tuliopewa kwa kuomba, mtu akithibitika kumsaidia adui vitani, anafutiwa. Sikumsaidia adui, haki ya Mungu! Ila wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Vijana wa mgambo wakanijia na marungu. "Mganda huyu jasusi! Atoke!" Wengine nilikuwa nimewajengea nyumba, jamani.

Akatokea Mzee Chilewa, balozi wetu wa nyumba kumi, mfupi, mkali kama pilipili. Akauliza taratibu, "Nilipomzika mama yangu, nani alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka nimpe kuku?"

Wote walijua ni mimi. Ukoo wake ulikuwa umenifanya mtani, na vituko vya msibani ni haki ya mtani peke yake.

"Sasa mgeni gani analala kwenye kaburi la mama yangu? Huyu aliapa. Kama ana kosa, ataulizwa mahakamani, siyo kwa rungu. Hebu nendeni!"

Wakaondoka wakiangalia chini. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mjinga, fungua hicho kifurushi. Ukikimbia, utakuwa umekiri."

Nikakifungua.

Miaka ikapita, mzee akafariki. Nikajilaza kaburini mwake. Wakanipa kuku, nikagoma. Wakaongeza mbuzi, nikagoma. Watu wakacheka weee, mpaka walipoona ninalia kweli.

Basi mwanangu, shika hili. Vita vikija, usimhukumu mtu kwa alikozaliwa. Uliza ametenda nini, na aulizwe mbele ya sheria. Uraia wa kuapa si nguo ya kuazima. Na jirani akisakamwa, wahi mlangoni kwake, usingoje wengine waanze.

Mungu akupe umri mrefu na ulimi wa Mzee Chilewa. Na siku yako ikifika, asikosekane mtu wa kugoma kutoka kaburini mwako.