Siku Niliyowapokea Wakwe Nikinuka Rubisi

Aibu yangu naisema mwenyewe, maana nikinyamaza wataisema wengine na watatia chumvi, hasa Skolastika wa ng'ambo ya bonde, ambaye siku hiyo alinikimbia akidhani nimefufuka (nitafika hapo), lakini leo kwenye kila sherehe anaigiza mlio wangu mpaka watu wanashika mbavu. Mimi niliishia darasa la tatu, kalamu naisukuma kama jembe kwenye udongo wa kiangazi, ila majina sisahau. Na siku ile naikumbuka yote, isipokuwa naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto ya alfajiri, mambo yanakuja polepole, yamezungukwa na ukungu.

Ukungu wenyewe ulikuwepo kweli. Kijiji chetu cha Murukulazo kiliamka kimefunikwa, migomba inaonekana nusu, na sauti za watu wanaopita njiani zinafika kabla ya watu wenyewe. Ilikuwa siku ya kumtoa mjukuu wangu Adelina, binti wa mwanangu Evarist na mkewe Oliva, anaolewa Kaniha kule Biharamulo na kijana anaitwa Deogratias. Wakwe walitakiwa wafike saa sita, wakae, wanywe, wamchukue binti yao, waondoke kabla ya saa kumi, kwa sababu njia ina msitu na hakuna anayependa kuupita giza likiingia. Na kwetu (sisemi kila nyumba ya Ngara, nasema kwetu) binti haondoki kabla hajapakatwa na bibi yake. Bibi anakaa kwenye kiti, binti na shela lake anamkalia mapajani kama mtoto, bibi anamwambia maneno yake sikioni, basi, njia imefunguka. Mimi nilipakatwa na bibi yangu Veneranda, na mpaka leo nikitulia naisikia pumzi yake kwenye sikio la kushoto. Adelina nilimlea mwenyewe tangu akiwa na miaka miwili, mama yake alipougua sana, kwa hiyo maneno yake nilikuwa nayo tayari siku nyingi, nimeyatunza kama mbegu. Sikutaka kingine siku hiyo. Nilitaka mapaja tu.

Sasa mtungi. Ninao mtungi wa udongo alioniachia mama mkwe wangu, mkubwa, tumbo lake kama la mjamzito wa mwezi wa tisa, na siku tatu kabla niliujaza rubisi, pombe yetu ya ndizi, ili wakwe wainywe kwa mirija kama watu. Ulikuwa kona ya ghala. Asubuhi hiyo Oliva akaniambia, huku anapepeta mchele:

"Mama, huo mtungi uacheni hapo hapo. Kina Laurenti wakirudi na turubai watautoa. Na wakichelewa, pombe nyingine iko kwenye madumu."

"Madumu ya mafuta ya kupikia ndiyo tuwapokelee wakwe wa Kaniha?"

"Mama, na umri huo..."

Angesema lolote lingine ningekaa. Lakini alisema umri, mbele ya wanawake wanaomenya ndizi, na mmoja wao akacheka puani. Nikanyanyuka kimyakimya, nikaenda ghalani. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu, hata haukuchukua muda wa kumeza mate.

Mle ndani mlikuwa na giza zuri, harufu ya ndizi zilizoiva, nyuki wawili watatu wanazunguka wamelewa. Nikauinamia mtungi, miguu imenyooka, mgongo umepinda kama shina la mgomba lenye mkungu, nikaukumbatia, nikauvuta juu, na kabla hata sijasimama vizuri nikajipinda upande wa mlangoni. Hapo ndipo kiuno kikasema. Kwanza kama uzi umekatika ndani, upande wa kulia, chini kabisa, karibu na nyonga. Halafu nyama yote ya pale ikajikaza, ikawa ngumu kama jiwe la kusagia. Sikuweza kwenda juu wala chini. Mtungi ulikuwa umeegemea rafu, mimi nimeegemea mtungi, mikono imeuzunguka, uso wangu mdomoni mwake kabisa, na kila nikivuta pumzi kiuno kinanichoma kisu. Nikasema moyoni, tulia, kitaachia. Hakikuachia. Nikabaki nasikiliza rubisi ikichemka taratibu mle ndani, pss, pss, kama mtu ananinong'oneza siri, na nakwambieni kwa dakika kadhaa niliona raha fulani ya ajabu, kama vile dunia imesimama na hakuna arusi wala wakwe.

Oliva akasukuma mlango.

"Mama! Kumbe ndiyo mnaionja peke yenu!"

"Sionji."

"Na huo mdomo unafanya nini humo?"

"Oliva mwanangu, sinyanyuki."

Alipoelewa akaja mbio kuniondolea mtungi, akauvuta, na mimi maumivu yakanifanya nisiuachie, tukavutana kama watoto na kitenge, na nusu ya rubisi ikanimwagikia kifuani, ikashuka mpaka miguuni. Mtungi ulipona, nashukuru. Mimi nilipiga yowe lililovuka bonde, ndilo Skolastika analiigiza.

Wakanilaza kwenye mkeka. Nikigeuka nalia, nikikohoa nalia. Evarist, mwanangu, alikuwa amerudi na wenzake na turubai, akataka kuniitia pikipiki nipelekwe zahanati, Laurenti, mmoja wa hao wenzake, akamwambia, "Pikipiki na mashimo yale? Utamrudisha vipande vipande. Leta ingobyi." Ingobyi ni machela yetu ya kusuka, yenye miti miwili, hubebwa na watu wanne mabegani, ndiyo hupeleka wagonjwa zahanati na ndiyo hupeleka wengine wasikorudi. Wakaniweka, wakanifunika shuka jeupe la Oliva mpaka usoni kwa sababu ya manyunyu. Walionibeba ni Laurenti, Bihemo, Zakaria fundi baiskeli na Evarist mwenyewe. Nikawaambia Adelina asiambiwe, alikuwa kwa jirani anasukwa nywele. (Aliambiwa kabla hatujavuka ua.)

Na hapo, jamani, sijui niseme nini. Nilitakiwa nione aibu, lakini ile ingobyi ilikuwa inayumba polepole, kushoto, kulia, miguu ya wanne inagonga njia kwa pamoja, na kupitia shuka niliona mwanga mweupe na vivuli vya majani ya migomba vinapita juu yangu kimoja kimoja. Nikajiona niko mgongoni kwa mama yangu Anastazia, tunateremka mtoni, nywele zake zinanuka moshi. Nikakaribia kusinzia. Nikasikia kwa mbali wanawake wanaacha majembe, nyayo zinaongezeka nyuma yetu, mtu anauliza "Ni nani?" na mwingine anajibu "Ni mama yake Evarist," na sauti nyororo ikaanza kulia, "Yoo, mama yetu, yoo, siku ya arusi ya mjukuu!" Nikaisikiliza, nikaona inalia vizuri sana. Ndipo ikanijia kwamba ninayeliliwa ni mimi.

Nikatoa mkono kwenye shuka nikasema, "Skolastika, nyamaza, sijafa."

Alikimbia hivyo hivyo alivyo, kandambili moja huku, nyingine kule, mpaka leo sijui alipitia wapi.

Tulipofika chini kwenye barabara kubwa, nikasikia magari mawili yamesimama na milango inafunguka. Nyinyi wa huku mnajua, na wa kwingine nawaambia: ukikutana na ingobyi njiani hupiti tu. Mwanaume lazima aingize bega, hata kwa hatua kumi, hata kama hamjui mgonjwa. Basi wakashuka wanaume waliovaa suti, nikasikia mmoja anampa mwenzake koti amshikie, na mzee mwenye sauti nzito akasema, "Tupokezaneni, vijana wamechoka." Bega likabadilika, ingobyi ikainama kidogo, kiuno kikaniuma, nikaguna.

"Pole, bibi. Ni mgonjwa wa nani?" akauliza yule mzee.

Evarist akakohoa. Mwishowe Bihemo, ambaye ulimi wake haujawahi kufungwa, akasema, "Ni bibi wa bibi harusi."

Nikavuta shuka nikajifunika hadi utosini. Walikuwa ni wao. Mzee Kagoma, baba wa Deogratias, alikuwa ananibeba begani kwake, na aliyeshika mti wa mbele upande wa kulia alikuwa bwana harusi mwenyewe, ua bado liko mfukoni mwa shati. Kisha mwanamke mmoja upande wa wakwe akavuta hewa puani, mara mbili, akasema kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia:

"Huyu mbona ananuka pombe?"

"Sisi hatujafika, sherehe imeshaanza," akajibu mwingine, wakacheka kwa kujizuia.

Hilo ndilo lililonichoma kuliko kiuno. Nikaona Adelina akiingia nyumba ya watu akiitwa mjukuu wa mlevi, kila akikosea chumvi waseme ndiyo nyumba alikotoka. Machozi yakanitoka chini ya shuka. Deogratias pekee ndiye aliyegeuza shingo akasema, "Shikamoo, bibi." Nikaitikia marahaba, kwa sauti ya mtoto.

Zahanati walinilaza kwenye benchi la nje, chini ya baraza, kwa sababu ndani kulikuwa na mama anayejifungua. Nesi Editha ni mtu mwema lakini anaongea kama anayeita ng'ombe. Wakwe wote wamesimama pale, suti zimejaa vumbi, na yeye ananiuliza:

"Bibi, maumivu yanashuka mguuni mpaka chini ya goti?"

"Hapana. Yako hapa tu."

"Miguu ina ganzi? Imekosa nguvu? Ulianguka? Una homa?"

"Hapana."

"Na huku unakokalia, kuna ganzi?"

Mzee Kagoma akageuka kutazama milima.

"Hakuna," nikasema.

"Haja ndogo je? Inatoka vizuri? Haijifungi, haikutoki bila kujua?"

Watu wote wa Kaniha wakageuka kutazama milima. Nikajibu kwamba inatoka vizuri, namshukuru Mungu, na kama kuna jambo waliloondoka nalo Ngara siku hiyo ni hilo.

Akanibonyeza pande zote mbili za uti wa mgongo. Kulia akapata ule ugumu. "Ni msuli umevutika," akatangaza. "Ulinyanyua nini?"

"Mtungi."

"Wa nini?"

Nikajibu kwa uchungu, macho kwa yule mwanamke mwenye pua, "Wa rubisi. Ya wakwe. Ulinimwagikia. Mimi mwenyewe sijaonja hata tone."

Halafu Mzee Kagoma akaja, akachuchumaa karibu na kichwa changu, mtu mzima yule, akasema, "Mkwe wangu, umejivunja kiuno kwa ajili ya koo zetu?" Akaanza kucheka, cheko safi, na yule mwanamke akainama akanifuta uso kwa leso yake. Anaitwa Merania. Leo ni rafiki yangu.

Nesi Editha akanipa vidonge vya maumivu, akaeleza kwa sauti ile ile: nilale chali, miguu juu ya kiti, magoti yamekunjwa, ili kiuno kipumzike, kitambaa chenye joto, kisiwe cha kuunguza, robo saa hivi, kisha nipumzike, nikipata nafuu nitembee kidogo kidogo ndani ya ua, nisijilaze siku nzima maana kitakakamaa, nisinyanyue kitu wala kujipinda. "Ganzi ikianza, au miguu ikalegea, au haja ndogo ikagoma, usingoje kesho, nenda hospitali wilayani saa ile ile." Nikauliza swali langu moja tu.

"Naweza kupakata mtu?"

"Kilo ngapi?"

"Bibi harusi."

"Thubutu!"

Wakanirudisha kwa ingobyi, wakwe na wenyeji wanapokezana, wanawake wanaimba nyuma, na hivyo ndivyo msafara wa bwana harusi ulivyoingia kwangu, bibi mbele kama masanduku ya zawadi. Wakanilaza kwenye mkeka katikati ya turubai, vigimbi vya miguu juu ya kiti cha plastiki, kitenge kimefungwa magotini nisije nikaongeza mengine. Watu wakala, nusu ya mtungi ikanyweka kwa mirija, hotuba zikasemwa, na mimi natazama turubai likipumua na upepo. Kitambaa cha Oliva kilikuwa na joto, msuli ukaanza kulegea kidogo kidogo, kama fundo linalofunguliwa na mtu asiye na haraka.

Saa tisa na nusu Mzee Kagoma akatazama saa. Adelina akasimama na shela lake, akanitazama.

"Siondoki sijapakatwa."

"Mwanangu, nesi amekataza," Oliva akasema.

"Basi tungoje kesho."

Minong'ono ikapita upande wa wakwe. Kanisa la kesho Biharamulo lilikuwa limeshapangwa, wageni wamealikwa. Nikaona binti ataanza ndoa kwa ugomvi, kwa sababu ya mtungi wangu.

"Adelina," nikamwita. "Njoo ukae chini hapa. Karibu na kichwa changu. Hivyo."

Akakaa mkekani, shela likatapakaa kama ukungu wa asubuhi ile.

"Sasa wewe ndiye unipakate."

Akainua kichwa changu polepole akakiweka mapajani. Nikautazama uso wake kutoka chini, kidevu, pua, macho yaliyojaa, na nikaona kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akiniona mimi, miaka yote ile nikimbembeleza alale. Akainama mpaka sikio lake likafika mdomoni kwangu. Maneno niliyomwambia siyaandiki. Chozi lake moja lilinidondokea kwenye paji la uso, sikulifuta.

Magari yaliondoka saa kumi kasoro dakika tano. Siku ya tatu nilikuwa nateka maji kwa kikombe, ya kumi nilikwenda kanisani kwa miguu.

Mtungi nimempa Oliva. Nikitaka kitu kizito naita mtu, na asipokuwepo nangoja, na hata kuku akitaga chini namfuata kwa kukunja magoti, mgongo umenyooka kama askari. Mtu akinitajia umri sikasiriki tena. Juzi Adelina kapiga simu kutoka Kaniha kwamba nitapata kitukuu, akauliza kama nitampakata. Nikamwambia nitampakata, lakini sitamnyanyua. Mniletee, mniwekee.