Kofia Iliyokwama Tunduma

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia yote kila nikimwona msichana amebeba sanduku, mpaka viganja vinaniwasha. Nilikuwa na miaka ishirini. Tulikaa Silanga, upande ule wa Kibera unaotazama bwawa, na asubuhi hiyo nilitoka nyumbani na sanduku kichwani nikicheka peke yangu. Kabla ya jua kuzama, baba yangu alikuwa ameambiwa nimetoroka kwenda kuolewa. Kosa lilikuwa langu. Ngoja nikueleze polepole, maana nasikia nawe unajiandaa kwenda kujitolea nchi ya watu, wewe na mwenzako, wasichana wawili peke yenu, na naona miguu yako haitulii chini ya hiyo meza.

Yangu pia haikutulia. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikajifunza kushona kwenye kikundi cha kanisa. Siku moja ikaja barua kutoka Zambia, mji unaoitwa Mpika. Kulikuwa na kituo cha akina mama huko na walitaka wasichana wawili wa kuwafundisha cherehani kwa mwaka mzima, kwa kujitolea, chakula na mahali pa kulala juu yao. Tukachaguliwa mimi na Consolata. Consolata alikuwa mtu wa kutafuna neno kabla ya kulisema. Mimi nilikuwa wa kuota mchana. Tangu barua ile ije, kila nilipokanyaga cherehani niliona niko ndani ya treni, na mara mbili nikashona mkono wa gauni ndani nje. Mwalimu wetu akaniuliza kama nguo hiyo ni ya mtu anayetembea kinyumenyume.

Kitu kimoja tu kiliniwasha kama kiroboto. Fomu ya pasipoti ilikuwa na mahali pa baba kuweka sahihi, na baba hakujua hata kama kuna fomu.

Baba alikuwa fundi seremala. Alitengeneza milango na vitanda nje ya nyumba yetu, na kutwa nzima misumari ilikuwa midomoni mwake, kwa hiyo hata angependa kuongea, angeongea saa ngapi? Shule hakwenda. Nilimwogopa, si kwa sababu alikuwa mkali, ila kwa sababu neno lake la "hapana" halikuwa na mlango wa nyuma. Nikaficha fomu chini ya godoro. Kila asubuhi nilijiambia, leo nitamwambia akimaliza chai. Chai ilikwisha, nami nikachukua vikombe nikaenda kuviosha. Fomu ilitakiwa Jumatano.

Aliyetuandaa kwa safari ni Mama Zipora wa Ayany, mtaa wa jirani. Huyu mama ujanani alikuwa yaya, akapelekwa ng'ambo na matajiri wake kwa meli, na walipogombana akarudi peke yake, nchi tatu, bila mtu wa kumshika mkono. Alitufundisha kushona mfuko wa siri ndani ya shimizi. Alitufundisha kukaa karibu na mama mwenye watoto popote tutakapopanda. Akatupa kila mmoja pete ya shaba tuvae kidole cha ndoa, wanaume wa njiani watuogope kidogo. Halafu anakaza sauti kama mwanamume na kutuuliza, "Dada, uko peke yako?"

"Hapana, mume wangu ananingoja stesheni," namjibu.

"Anaitwa nani?"

"Anaitwa... Petero."

"Jana alikuwa Yohana," Consolata anasema bila kuinua macho.

"Basi ana majina mawili! Wewe wako ana mangapi?"

Tulicheka mpaka Mama Zipora akatupiga na kitambaa cha meza. Lakini siku hiyo, tukiwa bado tunapangusa machozi ya kicheko, aliniangalia akauliza, "Na nyumbani wanajua?"

"Wanajua," nikasema.

Nilisema haraka hivyo hivyo, kama mtu anayefukuza nzi.

Jumamosi akatupa mtihani. Tufunge mizigo yetu yote kama siku ya safari, tutembee kwa miguu kutoka makwetu mpaka Kawangware kwa dada yake, nyumba ambayo hatujawahi kuiona, nyuma ya kiwanda cha mbao, mlango wa buluu. Tunywe chai huko, turudi Ayany kwake kabla ya jua kuzama. "Nataka kuona mnaweza kubeba, mnaweza kuuliza njia, na mnaweza kufunga midomo," akasema. "Mtu wa njiani hana haja ya kujua mnakokwenda."

Nikafunga sanduku la mama kwa kamba. Niliweka nguo zote nilizokuwa nazo, viatu vya Jumapili, sufuria, na pasi ya makaa, maana nilijiuliza, huko Mpika nitawafundishaje kushona bila kupiga pasi? Nikavaa pete yangu. Baba alikuwa amekwenda kupeleka mlango kwa mteja, mama alikuwa sokoni. Nikatoka.

Jirani yetu Mama Boi, aliyeuza makaa, akasimama na makopo yake mkononi.

"Wewe! Unaenda wapi na sanduku?"

Mwanangu, ningesema tu, "Naenda Kawangware, nitarudi jioni." Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshapanda treni. Nikatabasamu, nikainua mkono kurekebisha leso, pete ikang'aa mbele ya macho yake, nikasema, "Mbali."

Basi nikajiona msafiri.

Tukakutana na Consolata, tukavuka reli, tukapita Makina, tukatokea Ayany na kushika njia ya Ngong Road. Mzigo wake ulikuwa mfuko mmoja. Wangu ulinilemea mpaka shingo ikaingia mabegani. Tulipokaribia Dagoretti Corner, kijana mmoja nadhifu, shati jeupe, akaja ubavuni mwangu.

"Warembo, mnasafiri? Hebu nikusaidie hilo sanduku."

Consolata alinifinya. Nami, kwa uchovu na kwa furaha, nilimpa sanduku na kufungua mdomo pamoja nalo. Nikamwambia tunakwenda Zambia. Nikamwambia tuko wawili tu. Nikamwambia hatujawahi kufika, na pete ni ya kudanganyia watu! Consolata alifunga macho kama mtu anayesali. Kijana akasema, "Ala, vizuri sana," akaongeza mwendo. Akaongeza tena. Akakata kona kwenye kichochoro ambacho si njia yetu.

"Kaka!" nikaita. "Kaka, ni huku!"

Hakugeuka. Tukamkimbilia. Kilichoniokoa si akili, ni pasi ya makaa. Hatua kama hamsini hivi, sanduku likamvuta bega, akayumba, akalitupa chini puu. "Mmebeba mawe, nyinyi?" akasema kwa hasira, kana kwamba sisi ndio tuliomkosea, na akaenda zake akijipapasa bega.

Consolata alikaa juu ya sanduku langu. "Umesahau kumwambia jina la mume," akasema.

Tulifika Kawangware. Tukauliza akina mama wa mboga, wakatuonyesha mlango wa buluu, tukapewa chai na mihogo. Nilijua nimekosea mbele ya yule kijana, na nilidhani hilo ndilo kosa langu lote.

Tuliporudi Ayany jua lilikuwa bado liko juu ya mabati. Nikasukuma mlango wa Mama Zipora. Kwenye kiti cha karibu na dirisha alikuwa ameketi baba yangu, kofia imekunjwa mikononi, viatu vimejaa vumbi la Kibera nzima. Hakukuwa na msumari hata mmoja midomoni mwake.

Nilisikia baadaye jinsi ilivyokwenda. Mama Boi alimkimbilia mama sokoni: msichana ametoka na sanduku, amevaa pete, ameulizwa anakokwenda akasema mbali. Kwetu, mwanangu, msichana akitoka nyumbani mchana na nguo zake zote bila mzee yeyote kuitwa, hakuna wa kuuliza mara mbili. Amekwenda kwa mwanamume. Mama alikaa chini kwenye udongo palepale alipokuwa. Baba aliporudi na kuambiwa, akaacha kazi, akazunguka nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwenye kikundi cha cherehani, wakamwelekeza kwa Mama Zipora. Na huyo mama wa watu akamweleza habari za Zambia, akidhani anamweleza mtu anayezijua.

Baba aliniangalia. Aliangalia pete. Akasema, "Huyo mwanamume ni nani?"

"Hakuna mwanamume, baba. Ni pete ya safari."

Alitazama kofia mikononi mwake.

"Watu wameniuliza, mtoto wako amekwenda wapi. Kila nyumba wananiuliza hivyo. Nikatafuta jina la mahali nilitaje, hata moja, sikuwa nalo." Akakunjua kofia, akaikunja tena. "Kama ungekufa njiani, ningekwenda kukuchukua wapi?"

Nikatua sanduku sakafuni.

Baba akasimama akatoka. Nilitaka kumfuata, Mama Zipora akaniwekea mkono kifuani. Nilidhani atanipigia kelele, lakini alisema kwa sauti ndogo, na ndiyo maana ilinikata.

"Nilikuuliza kama nyumbani wanajua."

"Uliniuliza, mama."

"Consolata ameninong'oneza hapo mlangoni habari za kijana mliyemkuta njiani. Kwa hiyo mtu wa njiani amejua yote, na baba yako hakujua lolote. Umegeuza kama ile nguo yako, ndani nje." Akaivua pete kidoleni mwangu. "Siri tuliyokufundisha ni ya kuficha mbele ya wageni. Wako wanatakiwa kujua kila kitu, mpaka rangi ya basi. Unafikiri mimi nilirudije peke yangu nchi tatu? Kila mji nilijua kuna mtu nyumbani anahesabu siku zangu. Hiyo ndiyo iliyonisimamisha. Nenda. Baba yako asipokuja hapa kwa miguu yake mwenyewe na fomu, atakwenda mwingine."

Jumapili baba hakusema neno. Jumatatu hakusema neno. Mwanangu, nilifagia uwanja mara tatu, nikachota maji yasiyohitajika, nikakaa, nikasimama, nikahesabu mabati ya jirani. Kwake hakukuwa na kelele wala fimbo, ila nyundo tu, ko, ko, ko, na kila pigo lilinigonga mimi. Fomu nilikuwa nimeitoa chini ya godoro nikaiweka mezani, wazi, ajionee mwenyewe. Aliizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi.

Jumanne asubuhi nilishindwa. Nikaenda kusimama mbele ya meza yake ya kazi.

"Baba, nilikuogopa, ndiyo sababu nikaficha. Ukisema nisiende, sitakwenda. Lakini nataka kwenda. Nataka sana."

Alikuwa akipiga randa. Aliendelea mpaka mwisho wa ubao. Kisha akachota misumari, akaitia mdomoni, akaniambia kwa pembe ya mdomo, "Hebu nitajie."

"Nikutajie nini?"

"Njia. Kutoka hapa. Mahali kwa mahali."

"Namanga," nikasema.

Akatoa msumari mmoja mdomoni, akaupigilia kwenye ukuta wa mbao kando ya mlango, ukabaki umejitokeza nusu. "Namanga. Halafu?"

"Arusha."

Ko. "Arusha."

Moshi. Korogwe. Chalinze. Dar es Salaam. Hapo tunashuka basi tunapanda treni. Mbeya. Tunduma, kwenye mpaka. Mpika. Misumari tisa, imepangwa kwa mstari mmoja, na kwa kila mmoja aliuliza tutakuwa hapo siku gani, nani anatungoja, tutalala wapi. Palipokuwa na swali nisilojua jibu lake, alisema, "Kaulize." Nilikwenda Ayany mbio nikauliza, nikarudi. Mara mbili nilikwenda. Jioni hiyo nilijua safari yangu kuliko nilivyoijua miezi yote ya kuiota.

Jumatano alivaa kofia yake, akaibeba fomu ndani ya koti, akaja nami mpaka kwa Mama Zipora, akachovya kidole gumba kwenye wino mwenyewe.

Tulikwenda. Tulikaa mwaka, na habari za Mpika nitakupa siku nyingine ukiniletea sukari. Ninachotaka ujue ni hiki, alichonisimulia mama niliporudi. Asubuhi tuliyoondoka, baba alitundika kofia yake kwenye msumari wa Namanga. Jioni akaihamishia Arusha. Akaendelea hivyo kwa siku nilizomtajia. Lakini treni yetu iliharibika, na barua yetu ya kwanza ikachelewa, na yeye akakataa kuihamisha kofia mpaka apate hakika. Wiki mbili na zaidi alifanya kazi juani kichwa wazi. Mama Boi akamwuliza, "Mzee, na kofia yako iko wapi, jua linakuchoma hivyo?"

Akasema, "Iko Tunduma."

Siku barua ilipofika, alimwita mtu wa kumsomea, akasikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaiweka Mpika. Kesho yake ndipo akaivaa.

Basi, mwanangu, mfuko wa siri shona, na pete vaa ukitaka. Mzigo wako uwe ule unaoweza kukimbia nao. Kijana nadhifu asiyekujua, mjibu kidogo na upite. Kaa karibu na mama mwenye watoto. Lakini kabla ya hayo yote, kaa na wa nyumbani kwako uwatajie njia, mahali kwa mahali, hata kama unaogopa watasema hapana, na palipo na pengo ukaulize. Usiondoke ukasema "mbali." Mbali si mahali. Hakuna anayeweza kukufuata huko kwa mawazo wala kwa sala.

Na Mungu aliyenivusha mipaka yote na kunirudisha Silanga nikiwa na meno yangu yote, akuvushe na wewe. Akupe mwenzako wa kukufinya unapoongea sana. Nyumbani kusikose mtu wa kukaa kichwa wazi kwa ajili yako, na mtu huyo asingoje muda mrefu.

Haya, nyundo ya baba ninayo bado. Nitajie, nianze na wapi?