Mikono ya Baridi

Mkunga alikuwa mtu wa kuiamini mikono yake. Miaka yote aliyofanya kazi wodi ya wazazi, mikono hiyo ndiyo iliyomjengea jina. Mama mjamzito akiingia analia, yeye anaweka kiganja juu ya tumbo, ananyamaza kidogo, kisha anasema mtoto amelala vipi. Hakuwa na haraka, na hakukosea mara nyingi. Alipostaafu, wanawake wa mtaa waliendelea kumgongea mlango, na yeye aliendelea kufungua huku akilalamika kwamba hapumziki.

Wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, alikuwa mshonaji. Si mshonaji wa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Yeye alidarizi magauni na mashela ya maharusi, kazi ya sindano ya mkono, na mabinti walipanga tarehe za harusi kwa kuangalia kwanza kama ana nafasi. Halafu siku moja akafunika cherehani kwa shuka, akarudisha vitambaa vya watu, akasema amechoka. Hakueleza zaidi.

Mumewe alimvumilia, kisha uvumilivu ukamwishia, akaenda kumshitaki kwa dada yake.

"Dada, mke wangu amekuwa wa kukaa tu. Wateja wanakuja anawafukuza. Ukimuuliza, amechoka. Amechoka na nini?"

"Amezoea kusifiwa," Mkunga alimjibu. "Mtu akisifiwa sana anajiona amemaliza dunia. Mwache, atarudi mwenyewe."

Maneno hayo hakumwambia wifi yake. Lakini Mkunga alikuwa na uso usiojua kuficha, na Mshonaji alikuwa na macho. Tangu hapo wakikutana walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za watoto, basi. Kicheko cha zamani hakikuwepo.

Kilichowaweka pamoja ni mahafali. Binti wa Mshonaji alikuwa anamaliza chuo katika mji wa mbali, na baba yake kazini walimnyima ruhusa dakika za mwisho. Tiketi ilikwishakatwa. Mkunga akaambiwa afunge mzigo aende badala yake, na mawifi wawili wakasafiri kutwa nzima kwenye basi, mmoja akitazama dirisha la kulia, mwingine la kushoto.

Binti aliwapokea vizuri, akawapa chumba chake, yeye akahamia kwa rafiki. Lakini alikuwa na pilikapilika za mazoezi ya mahafali na hakuwa na muda wa kukaa nao. Asubuhi ya pili akawakuta wamekaa vitandani kimya, kila mmoja na simu yake.

"Shangazi, mama, hamuwezi kushinda humu mnatazamana kama paka wawili," akasema. "Nimewaandikisha darasa. Kuna duka la chokoleti hapo chini ya barabara, wanafundisha wageni kutengeneza kwa mikono yao. Mtatengeneza, mtakula, na mtaniletea zilizobaki."

"Mimi nikasome kupika peremende katika umri huu?" Mkunga akauliza.

"Wewe nenda tu, shangazi."

Walienda.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma ya duka, kina meza ndefu ya marumaru, jiko la gesi lenye mafiga kadhaa, na harufu iliyokukamata ukiwa bado mlangoni. Mwalimu alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, mtu wa kusema "taratibu" kila baada ya sentensi. Wanafunzi walikuwa wachache. Meza ya jirani walikaa bwana na bibi harusi wapya waliokuwa wakilishana chokoleti hata kabla ya kufundishwa chochote.

Kazi yenyewe ilielezeka. Unakatakata chokoleti nyeusi, unaimwagia malai ya moto, ile krimu ya maziwa, unakoroga mpaka iwe laini na ing'ae, unaweka kwenye baridi igande kiasi. Ikishaganda unachota kwa kijiko, unaifinyanga mviringo viganjani, unaichovya kwenye chokoleti iliyoyeyushwa, kisha unaibiringisha kwenye unga wa kakao. Mwalimu alikuwa na jina la kigeni la vitu hivyo, lakini darasa liliishia kuviita vidonge.

"Vidonge vya namna hii hata wagonjwa wangu wasingenisumbua kuvimeza," Mkunga akasema, na watu wakacheka. Alianza kuona kwamba siku haitakuwa mbaya.

Ikawa mbaya zamu ya kufinyanga ilipofika. Alichota kijiko cha kwanza, akakiviringisha, na alipofungua viganja akakuta tope. Akachota tena. Tope tena, likimchuruzika mpaka kwenye vifundo. Mwalimu akaja, akamshika mkono kwa heshima.

"Mama, mikono yako ina moto."

"Ndivyo ilivyo siku zote. Huko kwetu watoto wengi wamepokewa nayo."

"Kwa watoto ni sawa. Kwa chokoleti inatuharibia kazi. Iweke kwenye maji ya barafu kwanza. Taratibu."

Akaloweka mikono kwenye bakuli la barafu kama aliyeadhibiwa. Alipogeuka kumtazama wifi yake, alikuta safu ya vidonge imepangwa kwenye sinia, vyote ukubwa mmoja, mviringo kama vimetoka kwenye mashine. Mwalimu akaita darasa zima lije kutazama.

"Huyu mama ana mikono ya baridi," akasema. "Wapishi wa kazi hii wanaililia."

Mshonaji akatabasamu kidogo bila kuinua kichwa. Mkunga alikasirika, na alijua kwamba hasira yake haina maana, jambo lililomwongezea hasira. Akabaki akimtazama wifi yake anavyofanya kazi. Hapo akaona kitu ambacho hakukipenda. Mshonaji hakuondoa macho kwenye vidole vyake hata nukta moja. Bibi harusi wa jirani alimsemesha, naye alisimamisha kazi kabisa, akainua uso akajibu, kisha akarudisha macho kwenye vidole ndipo akaendelea. Mtu aliyedarizi maisha yake yote huku akipiga soga na wateja, leo hawezi kufinyanga kidonge na kuongea kwa wakati mmoja. Alikuwa kama mtu aliyeazima mikono.

Mkunga akaliweka hilo moyoni, akaendelea na barafu yake.

Ikabaki kuchovya. Chokoleti ya kuchovya iliyeyushiwa kwenye bakuli la chuma lililokalishwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Mwalimu alirudia onyo lake: asiguse mtu bakuli bila kitambaa, mvuke unalipasha kutoka chini na chuma hakina huruma. Kisha akaenda kuwasaidia maharusi, ambao walikuwa wamejipaka kakao usoni.

Mshonaji akasogea jikoni, akalikamata bakuli kwa mikono mitupu, akalinyanyua, akalileta mezani. Hakukimbia. Hakusonya wala kupuliza vidole. Alilitua taratibu kama mtu aliyebeba maji ya kunywa, akachukua uma, akainama kuendelea na kazi.

"Wifi," Mkunga akasema.

"Abee."

"Bakuli hilo lina moto."

"Mbona la kawaida tu?"

Mkunga akaligusa kwa ncha ya kidole na kukitoa upesi. Akamshika wifi yake kiwiko, akampeleka kwenye sinki kwenye kona, akafungua bomba, akaiweka ile mikono chini ya maji. Ncha za vidole zilikuwa zimeanza kuwiva, na kwenye kidole gumba lengelenge lilikuwa linapanda wakiwa wanaliangalia.

"Husikii maumivu?"

Mshonaji akajaribu kuitoa mikono kwenye maji.

"Wifi, nakuuliza. Husikii?"

"Nasikia kwa mbali. Kama mkono wa mtu mwingine."

"Tangu lini?"

Maji yaliendelea kutiririka. Nyuma yao bwana harusi alikuwa anacheka kwa sauti. Mshonaji akasema kwa sauti ya chini, bila kulia, kama anayesimulia habari za jirani.

"Nilikuwa namalizia shela. Jeupe. Nimelidarizi wiki nzima. Mama wa bibi harusi anakuja kulichukua, analikunjua, ananiuliza haya madoa mekundu ni urembo au ni nini. Kutazama, ni damu yangu. Nimejichoma kidole, nimeendelea kushona, shela lote lina damu na mimi sina habari. Mama yule alilikunja tena akaondoka bila neno. Siku hiyo ndiyo nilipofunika cherehani."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani? Mume wangu angefikiri natafuta sababu. Wewe ulishaniandikia uvivu."

Mkunga akafanya alilolijua. Akavuta kiti.

"Kaa. Vua viatu."

"Hapa dukani?"

"Hapa."

Alipiga magoti kwenye sakafu ya vigae na aproni yake yenye chokoleti, akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Chini ya wayo wa kushoto kulikuwa na kidonda, kipana kiasi, kingo zake zimekakamaa, soksi imegandia. Si kidonda cha jana. Mshonaji alijipinda akakitazama, na uso wake ukabadilika, kwa sababu hakuwa anajua kwamba anacho.

"Unakunywa maji mengi?"

"Nani hanywi maji?"

"Usiku unaamka kwenda haja?"

"Naamka."

"Umepungua. Nilidhani ni mtindo." Mkunga akamrudishia kiatu pole pole. "Na leo hapa umekula vidonge vingapi?"

"Nimekula vyako vile vilivyoharibika. Niliona vibaya kuvitupa."

Mkunga alitaka kucheka akashindwa. Akainuka, akamfuata mwalimu, akamwambia wameungua kidogo na lazima waondoke, si kosa lake. Mwalimu alishituka kuliko wao, akawafungulia mlango wa nyuma na kuwaonyesha kituo cha afya mtaa wa pili.

Njiani Mshonaji akauliza, "Ni sukari?"

"Mimi ni mkunga, si daktari. Twende tukapimwe."

Ilikuwa sukari, na ilikuwa imepanda kiasi kwamba daktari alirudia kipimo kwa kifaa kingine. Akawaeleza kwamba ugonjwa umekaa mwilini muda mrefu bila kujulikana, umekula mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, na kidonda kile kimeshaingia wadudu. Alitaka alazwe hapo hapo.

"Kesho mwanangu anavaa joho," Mshonaji akasema. "Nimesafiri kwa ajili hiyo. Keshokutwa nilaze unavyotaka."

Daktari akamtazama Mkunga. Mshonaji naye akamtazama. Mkunga alijua kwamba akisema neno moja la kumtetea wifi yake, daktari angeweza kulegeza, na alijua pia kidonda alichokiona.

"Atalala hapa leo," akasema.

Mshonaji aligeukia ukuta na hakumsemesha tena mpaka binti yake alipofika anahema, bado na karatasi za mazoezi mkononi. Binti alitaka asiende kwenye mahafali, akae na mama yake. Hapo ndipo mgonjwa alipopata sauti.

"Ukikosa kwenda, usinijie hapa. Na shangazi yako aende akae kiti changu. Yeye ana mdomo mkubwa, apige vigelegele vya watu wawili."

Mkunga alienda. Alikaa mbele kabisa, na jina la binti lilipoitwa alipiga kigelegele mpaka mzee wa pembeni akaziba sikio. Akapiga tena cha pili. Halafu akakaa, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na hakusikia majina yaliyofuata.

Mchana binti aliingia wodini na joho lake na kofia. Wauguzi wakapiga makofi. Mama yake, mikono imefungwa bandeji, mguu juu ya mto, dripu ubavuni, alimtazama muda mrefu.

"Geuka," akasema.

Binti akageuka.

"Pindo la chini wameshona ovyo. Uzi unaning'inia. Njoo nikukumbatie."

Jioni ile mwalimu wa chokoleti alileta boksi la vidonge vyao, vimechovywa na kupakwa kakao. Mkunga alilipokea mlangoni, akashukuru, akalipeleka moja kwa moja kwenye meza ya wauguzi kabla halijaonwa na mgonjwa. Kisha akatoka nje, akampigia simu mdogo wake.

Alimweleza yote kwa mpangilio, kama alivyozoea kukabidhi zamu.

"Mimi nilimwita mvivu mbele ya watoto," mdogo wake akasema.

"Na mimi nilikupa maneno. Ukija kumchukua, usianze na maelezo. Anza na pole."

Alikuja, akaanza na pole, kisha akashindwa kujizuia akatoa na maelezo. Mshonaji alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia amletee chai, isiyo na sukari, na mambo yakaishia hapo.

Kidonda kilichukua muda lakini kilifunga, na mguu ukabaki mzima. Vidole havikurudi kama vilivyokuwa. Daktari wa nyumbani alikuwa mkweli: akishika dawa na chakula, ganzi haitapanda zaidi, na huenda ikapungua, lakini asitegemee sindano ile ndogo ya kudarizia. Mshonaji alilia siku hiyo, kwa mara ya kwanza, akiwa kwenye kochi la Mkunga, naye Mkunga alikaa karibu yake akamwacha alie.

Baada ya hapo aliitoa shuka juu ya cherehani, akamwita binti wa jirani aliyekuwa fundi mzuri asiye na wateja. Sasa Mshonaji anapima, anachora, anakata, na kuelekeza. Sindano anashika mwenzake. Maharusi wamerudi. Wanasema amekuwa mkali zaidi kuliko zamani, hasa kwa wale wanaotaka kitambaa kinachong'aa kupita kiasi, na wiki iliyopita alimrudisha mmoja nyumbani akafikirie upya.