Posa Katikati ya Mkutano

Kampuni yetu ilikuwa ya wanawake watupu: wapishi wa Mji wa Kale waliopika majumbani mwao, maofisi yakaagiza kwa simu. Mkurugenzi alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Mpishi mkuu alikuwa bibi yake. Mimi, mwenye shahada mbili na goti bovu, nilikuwa katikati yao kwa umri, na siku ya mkutano kazi yangu ilikuwa kuishika kompyuta isiteleze kwenye mto wa kochi, sebuleni kwa bibi.

Kwenye skrini alikuwa mwenye maghala ya Mbaraki. Alitaka tuwalishe wafanyakazi wake, ila kwa sharti: wapishi wote wakusanywe jiko moja, kutwa nzima. Binti alikataa. Wengi wao walikuwa na wachanga au wagonjwa wa kuuguza, wangeacha kazi. Lakini bila mteja huyu, kampuni ilikuwa yafungwa.

Hapo ikapigwa hodi. Wakaingia wazee watatu wa kanzu, na halua.

"Bibi, hii nini?" binti akanong'ona.

"Posa yako. Si ulisema kila mtu ajipangie saa zake?"

Wazee wakaona mvi kwenye skrini, wakadhani ni ami yake aliyeko Uarabuni. Wakamwamkia. Naye mteja, mtu wa pwani, angekatizaje maamkizi? Akatafuta kofia, akaivaa.

"Shekhe, twamtaka binti yenu," mkubwa wao akasema. "Na kazi hatumkatazi. Ataifanyia nyumbani, saa apendazo. Sisi si watu wa kumfungia mwana wa watu jikoni kutwa."

Mteja akakohoa.

"Wasikia, ami?" binti akamuuliza, kwa adabu kubwa.

"Nasikia." Akaiweka kofia sawa. "Basi. Wapike kwao."

"Alhamdulillahi!" Wazee, wakidhani posa imekubaliwa, wakainua mikono kuomba dua. Mimi, kwa mazoea, nikaitikia amina. Binti alinitupia jicho ambalo shahada zangu hazikunikinga nalo.

"Ngojeni," akasema. "Posa iko kwenye mengineyo, mwisho wa ajenda. Na kijana wenu aje kwanza kwa majaribio."

"Majaribio ya ndoa?" mzee akashtuka.

"Ya kuosha masufuria."

Jumatatu tulimngoja tangu asubuhi, masufuria yamejaa hadi mlangoni. Alifika adhuhuri, ananukia udi, hana wasiwasi. Bibi alikuwa amemwambia kwamba hapa kwetu kila mtu hujipangia saa zake.